Neti inakokota? Pima kwanza kabla upeleke pesa Luthuli kununua rauta

Karibu kila wiki kuna mtu wa ploti yetu hapa Kasarani ananisimamisha kwa ngazi, ama ananitumia meseji usiku, na swali ni lile lile: neti imekuwa mbaya, ninunue rauta gani? Mimi simtajii mtu rauta yoyote kabla nijue namba mbili. Ya kwanza ni spidi unayopata ukichomeka kebo moja kwa moja kwa kile kiboksi cha faiba, ya pili ni spidi unayopata pale wewe hukaa na simu yako, kitandani, jikoni, kwa meza ya kazi, popote. Ukishakuwa na hizo mbili utajua kama pesa inafaa kwenda kwa rauta, kwa kampuni, kwa kebo ya mita kumi na tano, ama isiende mahali popote.

Fikiria maji ya nyumba. Kuna laini ya kanjo inaleta maji mpaka kwa tangi, halafu kuna paipu zinatoka kwa tangi hadi jikoni na bafuni. Kama kanjo inaleta maji kidogo, badilisha mifereji yote ya nyumba na hautaongeza hata jagi moja. Lakini kama tangi imejaa hadi inamwagika na jikoni maji yanatoka kama uzi, hapo shida ni paipu zako. Rauta iko upande wa paipu za ndani, kazi yake ni kugawa kile kimefika, haiwezi kuvuta zaidi kutoka nje.

Hii nilijifunza kwa pesa yangu. Nilipoanza kufanya kazi nikiwa nyumbani simu za video zilikuwa zinakwama kila asubuhi, nikashuka tao hadi Luthuli Avenue nikanunua rauta ya shilingi 8,500, ile ya antena nne. Nikaiweka, nikapima, ikasoma 9.6. Ile ya zamani ilikuwa inasoma 9.5. Nilikuwa nalipia laini ya Mbps 10, na nilikuwa naipata yote, tatizo lilikuwa kitu kingine kabisa ambacho nitakieleza huko chini.

Hatua ya 1: jua unalipia nini hasa

Fungua meseji ya malipo ama uulize kampuni kifurushi chako ni cha Mbps ngapi. Hiyo Mbps ni megabiti kwa sekunde, na ukidaunilodi kitu kwa laptopu ile namba inaonyeshwa mara nyingi huwa ni megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hivyo laini ya Mbps 10 ikikuonyesha inashusha kitu kwa megabaiti 1.2 kwa sekunde hakuna mtu amekuibia, 10 ukigawa kwa 8 ni 1.25. Faili ya gigabaiti moja kwa hiyo laini itachukua zaidi kidogo ya dakika kumi na tatu hata kama rauta yako ni ya laki moja.

Halafu hesabu watu na vitu. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa video ya HD na 15 kwa ile ya 4K. Sasa kama nyumba iko na tivi moja inaonyesha 4K, watoto wawili kwa YouTube na wewe uko kwa mkutano wa Zoom, na kifurushi ni cha 10, hesabu imekataa kabla hata tuguse rauta. Hapo dawa ni kupanda kifurushi ama kushusha ubora wa video kwa tivi, na hiyo ya pili ni bure.

Hatua ya 2: pima kwa kebo

Hapa ndio watu wengi huruka na ndio hatua ya maana kuliko zote, kwa hivyo nitaenda polepole.

Chukua laptopu na kebo ya itheneti, ile ya kichwa cha plastiki kinacholia tik ukichomeka. Kama laptopu yako haina tundu la kebo, adapta ya USB zinauzwa, ama azima. Chomeka upande mmoja kwa laptopu na mwingine kwa tundu limeandikwa LAN kwa kiboksi cha kampuni, kile faiba yenyewe inaingia, sio kwa rauta yako kama uko nayo ya pili. Zima waifai ya laptopu ili usipime kitu kingine bila kujua. Zima tivi, simu zote ziondoe kwa waifai, mwambie kila mtu kwa nyumba avumilie dakika kumi.

Sasa pima na Speedtest mara tatu, halafu pima na fast.com, zote ni za kupima spidi ya neti. Sababu ya kutumia mbili ni hii: Speedtest mara nyingi itakuchagulia seva iko hapa hapa Nairobi, wakati mwingine iko kwa kampuni yako mwenyewe, kwa hivyo inakuonyesha barabara ya kutoka kwako hadi tao tu. fast.com inapima kutoka kwa seva za Netflix. Zikikaribiana ni sawa. Ile ya kwanza ikisoma 40 na ya pili 6, laini ya nyumba iko poa, msongamano uko mbele huko.

Andika kwa karatasi namba tatu: ya kushusha, ya kupandisha, na ping, yaani muda ombi linachukua kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Usiandike ya kushusha peke yake. Rudia asubuhi, saa nane mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku wakati kila mtu amerudi nyumbani. Hiyo ya usiku ndio itakuambia ukweli wa laini yako.

Kama hakuna laptopu kabisa, simama na simu mita moja kutoka kwa kiboksi, uhakikishe simu imeshika ile waifai ya 5G (hii 5 ni ya gigahezi, haihusiani na 5G ya simu), na upime hapo. Sio safi kama kebo lakini itakusaidia.

Hatua ya 3: pima pale unakaa

Rudi na simu ile ile, pima sebuleni, pima chumba cha kulala mlango ukiwa umefungwa, pima jikoni. Linganisha na namba ya kebo.

Kama kebo ni mbovu na kitandani ni mbovu kwa kiwango sawa, shida ni laini, enda hatua ya 4. Kama kebo ni nzuri, karibu na kiboksi ni nzuri, lakini chumbani imekufa, shida ni kuta na mahali kiboksi kimewekwa, enda hatua ya 5. Kama kebo ni nzuri lakini hata ukisimama mita moja kutoka kwa kiboksi waifai ni mbovu, hapo ndio rauta inaanza kushukiwa, ingawa pima na simu ya pili kwanza juu inaweza kuwa ni simu yako imezeeka. Na kama kila kitu ni kizuri asubuhi lakini usiku kinaanguka hata kwa kebo, hiyo ni laini inagawanywa na watu wengi, na rauta hapo haina kosa.

Hatua ya 4: kama ni laini

Angalia taa za kiboksi. Iko moja imeandikwa LOS, ikiwaka nyekundu mwangaza wa faiba haufiki kabisa, piga simu tu, usihangaike. Lakini kuna shida ya katikati ambayo taa haisemi, mwangaza unafika ukiwa umechoka. Ukiingia kwa ukurasa wa kiboksi, mara nyingi ni 192.168.100.1 ama 192.168.1.1 na paswadi imebandikwa chini yake, tafuta mahali pameandikwa Rx power, hiyo ni nguvu ya mwangaza unaofika. Itakuwa namba ya kutoa, kama -19 ama -22. Kati ya -15 na -25 uko vizuri. Ikishafika -27 na kuteremka huko chini laini inaanza kukatika katika, neti inaenda na kurudi. Na usidharau tofauti ndogo, kila ikishuka kwa 3 mwangaza umepungua nusu.

Nilienda kwa jirani wa ghorofa ya tatu nikapata -28. Tukafuata kebo ya faiba na vidole kutoka kwa kiboksi, nyuma ya stendi ya tivi, nyuma ya kochi, na hapo nyuma ya kochi tukaipata imekunjwa na kubanwa kwa ukuta na mguu wa kochi, kona kali kabisa kama karatasi. Faiba ni kioo ndani, ukiikunja mwangaza unavuja pale pale kwa kona. Tukasogeza kochi, tukaizungusha kwa duara pana kama sahani, ikapanda hadi -21. Hakulipa kitu. Na alikuwa ameshauliza bei ya rauta.

Kama kwako haijakunjwa popote na bado namba ni mbaya, basi ni huko nje, kwa kiungo ama kwa boksi la nguzo. Piga kastoma kea na uwaambie hiyo namba. Ukisema neti iko slo watakuambia uzime na uwashe. Ukisema nimepima kwa kebo siku tatu, nalipia 20 napata 6 usiku, na Rx ni -28, mazungumzo yanabadilika, wanatuma fundi.

Sasa wale wa neti ya ploti. Hapa Nairobi wengi hatuna laini yetu, kuna mtu ameweka faiba moja ama dishi kwa paa, akashusha kebo za itheneti kwa kila nyumba, na kila mtu analipa kwake kwa mwezi. Hakuna ubaya, bei ni nafuu, lakini elewa kwamba anagawa. Kama yeye ananunua 100 na nyumba ni 30, saa tatu usiku kila mtu akiwa kwa video mnapata kama 3 kila nyumba, na rauta yako mpya itapokea hizo 3 ikugawie hizo 3. Muulize maswali mawili: anagawa laini ya ngapi kwa nyumba ngapi, na je, ameweka kikomo kwa kila nyumba? Mtu anafanya hii kazi vizuri atakujibu bila kukasirika.

Na wakati mwingine tatizo liko mbali sana na Kenya hii yote. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikaumia. Siku kama hiyo vitu vilivyo na seva hapa nchini vinafungua vizuri na vya nje vinagoma. Ukiona hivyo subiri, uliza na wengine wa kampuni tofauti kama wanaona hivyo hivyo, usinunue kitu.

Hatua ya 5: vitu vya bure, ama karibu bure

Angalia kiboksi kiko wapi. Fundi wa kuinstoli huweka pale kebo inaingilia, karibu na dirisha ama mlango, juu anataka kumaliza aende nyumba ingine. Halafu mwenye nyumba anakificha nyuma ya tivi ama ndani ya kabati ili kisionekane kibaya. Tivi ni ukuta wa chuma na vioo. Kitoe hapo, kiinue kifike usawa wa kifua ama juu zaidi, kisikae sakafuni, kisikae kando ya maikrowevu juu inatumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ya waifai, na kila ukipasha chakula neti inapepesuka.

Nyumba zetu nyingi zimejengwa na mawe ya machimbo, yale ya kukatwa na mashini, na silabu za zege ziko na vyuma ndani. Waifai ya 5 ni ya kasi lakini haipendi mawe, ukuta mmoja inaumia, kuta mbili imekwisha. Ile ya 2.4 inapenya zaidi lakini ni ya polepole na imejaa watu. Ndio maana ukisoma mwongozo wa Marekani ambako nyumba nyingi ni za mbao na jipsamu, wanasema rauta moja inatosha nyumba nzima, wewe nyumba ya vyumba viwili hapa Nairobi unaweza kukosa neti kwa kitanda.

Kuhusu hao watu: shusha programu yoyote ya kuchunguza waifai kwa simu ya Android, iwashe ukiwa sebuleni. Kwangu naona neti zaidi ya thelathini za majirani. Kwa 2.4 chaneli ambazo hazipandani ni 1, 6 na 11 peke yake, kwa hivyo angalia ni ipi iko na watu wachache wenye nguvu, uingie kwa ukurasa wa rauta uichague, na upana wa chaneli uweke 20, usiweke 40. Tukiwa wengi kwa ploti hiyo 40 inakanyaga kila mtu na wewe pia unakanyagwa.

Halafu tenganisha majina. Ipe 2.4 jina lake na 5 jina lake. Tivi na laptopu za karibu ziweke kwa 5, balbu na soketi za waifai na simu ya chumba cha mbali ziende 2.4. Simu zikiachiwa zichague huwa zinang'ang'ania ile ya polepole hata ukiwa umekaa kando ya kiboksi.

Angalia ni nani ameshika. Kwa ukurasa wa rauta kuna orodha ya vifaa vimeunganishwa, hesabu. Ukiwa na simu tatu na tivi moja na orodha inaonyesha kumi na moja, paswadi yako imetembea. Ibadilishe, na usiweke namba ya simu yako.

Na sasa ile shida yangu ya 9.6. Niliiona kwa bahati, nilikuwa napima ping huku simu yangu ikiwa mezani imeanza kupandisha picha za harusi kwa akaunti ya kuhifadhi. Ping ilikuwa 12 ikaruka hadi 900. Laini nyingi za bei ya chini, upande wa kupandisha ni mwembamba, na mtu mmoja akiujaza, kila kitu kinasimama kwa foleni nyuma yake, hata maombi madogo ya kufungua ukurasa. Simu za video ndio huumia kwanza juu zinahitaji kupandisha na kushusha kwa wakati mmoja. Ningeweza kukaa miaka nikilaumu kampuni. Niliweka picha zipande saa nane usiku nikiwa nimelala, na mikutano ya asubuhi haijakwama tena. Fanya hii jaribio: anza kupandisha video kubwa, na wakati huo huo pima ping. Ikipanda kutoka kumi na kitu hadi mamia, umeipata.

Hatua ya 6: sasa, ni wakati gani rauta mpya inasaidia kweli

Iko, na sitaki mtu aseme nimekataza.

Ya kwanza ni kama kifurushi chako ni zaidi ya 100 na ukichomeka kebo kwa rauta yako yenyewe hausongi zaidi ya 94 hivi. Hiyo 94 ikikaa pale pale kila ukipima, haitingiziki, ujue umegonga tundu la 100, yaani linaloishia Mbps 100. Lakini kabla ya kulaumu rauta angalia kebo. Kuna kebo za bei rahisi, na zingine mafundi wanazigawanya, ziko na nyaya nne zimeunganishwa badala ya nane. Kwa 100 nyaya nne zinatosha, kwa 1000 lazima zote nane. Tazama kichwa cha plastiki kwa mwangaza, hesabu rangi. Mimi nimewahi kupata rauta nzuri kabisa inalaumiwa kumbe ni kebo ya shilingi mia mbili.

Ya pili ni kama rauta ni ya 2.4 pekee, mara nyingi zimeandikwa N300. Hiyo 300 ni ya maabara. Kwa ploti yenye neti thelathini ukipata 30 hadi 40 shukuru. Ukiwa na kifurushi cha 60 na hiyo rauta unatupa pesa kila mwezi, hapo nunua bila kusita.

Ya tatu ni vifaa kuwa vingi, tivi, kamera, simu kumi, laptopu nne. Rauta ndogo za zamani zinachoka, zinaanza kuangusha watu mpaka uzime uwashe. Lakini kama inajizima ama inaganda tu, jaribu adapta ya stima kwanza. Stima yetu ikirudi kwa nguvu baada ya kupotea adapta ndio huumia, inakuwa inatoa volti pungufu na rauta inayumba. Soma chini ya rauta volti na ampea, tafuta adapta ya namba hizo hizo, volti zikiwa sawa kabisa na ampea zikiwa sawa ama zaidi.

Ya nne ni ile shida ya foleni. Kuna rauta ziko na uwezo wa kupanga foleni, wanaita QoS ama SQM, unaiambia laini yako ni ya ngapi na inahakikisha mtu mmoja hafungi barabara. Kama nyumba ina watu wanafanya kazi na watoto wanapandisha vitu, hii ni sababu nzuri kuliko idadi ya antena.

Hatua ya 7: kununua

Kitu watu hawaambiwi dukani: rauta ya dukani haichukui nafasi ya kiboksi cha faiba. Kiboksi cha kampuni kimesajiliwa kwa mitambo yao, ndicho kinabadilisha mwangaza kuwa data. Rauta yako inakaa nyuma yake, kebo inatoka LAN ya kiboksi inaingia WAN ya rauta, lile tundu la kuingiza neti. Mtu akikuambia utatupa kiboksi uweke hii, muulize tundu la faiba liko wapi.

Kwa vifurushi vya hadi Mbps 100, ya bendi mbili, yaani 2.4 na 5, ya Waifai 5 inatosha (Waifai 5, 6 na 7 ni vizazi vya waifai, sio ile 5 ya gigahezi). Zaidi ya hapo, ama kama vifaa ni vingi, tafuta Waifai 6, ile inaandikwa AX1500 ama AX1800. Waifai 7 waachie wenye laini za gigabiti na simu mpya, juu simu yako kama ni ya Waifai 5 itabaki ya Waifai 5 hata rauta iwe ya nini.

Usinunue kwa namba kubwa ya mbele ya boksi. AC1200 maana yake wamejumlisha 300 ya 2.4 na 867 ya 5, na simu nyingi hazitumii zote mbili kwa pamoja. Na hapa kuna mtego mkubwa: rauta nyingi za AC1200 ziko na matundu ya 100. TP-Link Archer C50 ni hivyo, matundu yake ni ya 100. Archer C6 nayo, kwa jina la AC1200 pia, matundu ni ya gigabiti. Kwa hivyo geuza boksi, tafuta maneno 10/100/1000. Ukiona 10/100 ikaishia hapo na una kifurushi cha zaidi ya 100, rudisha.

Zile za mitumba kutoka Uingereza ni za bei nzuri na zingine ni imara, lakini nyingi zilitengenezewa laini za simu za kule, tundu la kuingiza neti ni la waya wa simu. Ukinunua moja hakikisha ina tundu la WAN la itheneti na wakuwashie uone ukurasa wake unafunguka na unaweza kubadilisha mipangilio, zingine zimefungwa na kampuni za huko. Omba risiti, uliza unaweza kurudisha ndani ya siku ngapi, na uandikiwe kwa hiyo risiti.

Na ripita? Zile ndogo za kuchomeka kwa soketi. Ziko na kazi yake, lakini ile ya bendi moja inasikiliza na kuongea kwa hewa ile ile, spidi inakatika nusu. Kama unaweza kupitisha kebo, pitisha kebo. Itheneti inaenda hadi mita 100 bila kupoteza kitu, na nyumba zetu hazifiki hapo.

Hatua ya 8: kuiweka

Kama rauta mpya iko na modi ya access point, ile ya kutoa waifai tu, tumia hiyo, iache kiboksi cha kampuni kigawe namba za vifaa. Ukiacha zote mbili zigawe, kuvinjari kutaenda sawa lakini michezo ya mtandaoni, kamera za nje na baadhi ya simu za ofisi zitasumbua. Kama unataka ile QoS basi acha rauta yako igawe, na uombe kampuni waweke kiboksi kwa modi ya bridge, yaani kipitishe neti tu bila kugawa.

Zima waifai ya kiboksi cha kampuni kama ziko chumba kimoja, la sivyo zitapigania hewa. Ipe mpya jina na paswadi ile ile ya zamani na kila kifaa kitaingia chenyewe, hautazunguka na tivi na rimoti ukiandika herufi moja moja. Badilisha paswadi ya kuingilia ukurasa wa rauta, usiache admin. Kwa usalama wa waifai weka WPA2 ama WPA3. Tafuta apudeti ya programu yake siku hiyo hiyo.

Halafu chukua ile karatasi ya hatua ya 2 na 3 upime tena, sehemu zile zile, saa zile zile, na simu ile ile. Msichana mmoja wa ghorofa ya juu yetu, anasoma kozi ya mtandaoni, kwa kebo alikuwa na 41 na kwa meza yake chumbani 3. Kuta mbili za mawe katikati. Tulichukua rauta ya zamani ya kaka yake, ya bendi mbili, tukaiweka modi ya access point, tukapitisha kebo ya mita 15 juu ya fremu za milango na vibano vya misumari, mimi niliinunua shilingi 900 na vibano vyake. Mezani pake sasa anasoma 39, na karatasi yenye namba zote mbili ameibandika kwa kioo cha dirisha.